Mmea Nilioupogoa Kila Asubuhi

Kabla ya bustani, nilikuwa nimekaa Juba mwaka mmoja na nusu bila kufanya jambo hata moja ambalo mtu alisimama kulitazama. Nililelewa Eldoret kwa shangazi, na shule yote niliisomea huko. Niliporudi kuishi na kaka yangu hapa Juba, mtaa wa Juba Na Bari, Kiarabu changu kilikuwa cha kuombea maji tu, na hata maji hayo watu waliniletea huku wakicheka. Sikuwachukia. Ila nilianza kurudia kila sentensi kichwani mara nne, mara tano, kabla ya kuitoa, na mara nyingi nilipokuwa tayari, mtu niliyetaka kumwambia alikuwa amekwisha kuondoka.

Nalisema hili mapema kwa sababu sitaki ionekane kwamba nilipanda maua kwa kupenda maua. Nilitaka kazi ambayo nikiikosea ningeweza kuing'oa na kuanza upya bila mtu kujua.

Kiwanja cha kaka si kikubwa. Mbele ya nyumba palikuwa na mita chache za udongo mwekundu uliofagiliwa kila siku, na upande wa mtoni ua wa mianzi. Nyuma ya ua huo ardhi inateremka taratibu hadi Nile, na kwenye mteremko wanawake wa mtaa wana mashamba yao ya mboga, kila moja likitengwa na jingine kwa ukingo wa udongo usiofika hata goti. Shamba lililopakana na ua wetu lilikuwa la mama mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Haboba, yaani bibi, na mimi pia nikamwita hivyo. Lilikuwa na matuta manne. Alipanda jirjir, majani makali ya kuliwa mabichi, bamia, na kudra, ile mboga ya majani inayoteleza mdomoni kama mlenda. Kwa matuta hayo alijilisha yeye na wajukuu wawili wa kike, na kilichobaki alikibeba kichwani hadi soko la Konyo Konyo. Hakuwa na kitu kingine. Alisema hivyo mwenyewe, bila huzuni, jinsi mtu anavyosema kwamba ana macho mawili.

Alinisemesha Kiarabu cha Juba, polepole, akisubiri. Maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili. Hakuwahi kucheka jibu langu hata siku moja, na nilipokuwa naye nilisahau kuyapanga maneno kwanza.

Kazi ya bustani nilijifunza kwenye simu. Nilipanda nyasi mara mbili. Mara zote mbili ziliota, zikanipa matumaini, na Januari zikageuka rangi ya mkeka. Nilizimwagilia maji niliyoogea. Nililia mara moja, kwa ajili ya nyasi, nikanawa uso kabla kaka hajarudi kutoka kazini.

Kando ya barabara ya kuelekea daraja kulikuwa na mama mmoja Mganda aliyeuza miche. Aliileta kutoka Arua juu ya malori ya vitunguu, imefungwa kwenye magunia mabichi. Nilimweleza habari ya nyasi zangu, kwa kirefu kuliko ilivyohitajika.

"Nyasi hapana," akasema. "Nyasi hapa inakufa tu. Wewe chukua hii. Inaitwa kapeti. Hata kama wewe iko mvivu, yeye iko na bidii."

Nikamwambia mimi si mvivu. Akatazama rula iliyochomoza kwenye mfuko wangu.

"Mimi naona," akasema. "Basi wewe itachoka kwanza."

Kapeti ni mmea unaotambaa. Majani yake yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, kila jani lina meno matatu, na ua lake ni kama alizeti iliyokataa kukua, manjano tupu, la ukubwa wa sarafu. Nilipanda vipande kumi na vinane kwa kamba na vigingi, sentimita thelathini kutoka kimoja hadi kingine, kisha nikaving'oa vyote kwa sababu safu ya pili ilikuwa imepinda. Nikavipanda tena. Mara ya tatu kaka yangu alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akauliza kama maua hayo yanakwenda kwenye gwaride.

Mvua zilipoanza, kapeti ilijaa. Kufikia Juni hakukuwa na udongo wa kuonekana. Watu waliopita langoni walisimama. Kaka, ambaye ni dereva wa ofisi, alileta wenzake wawili Jumapili moja, akawaonyesha kana kwamba amenunua gari. Haboba alichungulia juu ya ua akasema mikono yangu ina baraka. Nilikwenda chumbani, nikakaa kitandani, nikairudia sentensi hiyo hadi ikaanza kupoteza maana.

Kuanzia hapo sikutaka kitu chochote kiiharibu. Kila asubuhi, kabla ya jua kukaza, nilipogoa. Nilitumia mkasi wa kushonea, nikakata kila shina lililovuka mstari, hata kwa urefu wa ukucha. Ukingo wa bustani ulinyooka kama pindo la sare ya shule. Vipande nilivirundika pembeni, kando ya ua wa mianzi, na rundo hilo nililipanga mraba, maana hata takataka zangu nilitaka ziwe na pembe.

Sikujua kwamba kila kifundo cha shina lile, kikigusa udongo wenye unyevu, hutoa mizizi. Hapana, hilo lazima nilirekebishe. Wiki za kwanza sikujua. Baadaye nilijua.

Ilikuwa Julai. Nilikuwa nikitafuta dawa ya madoa niliyoyaona kwenye majani mawili. Mtandao ulikuwa mzito, na picha ilishuka mstari kwa mstari: anga, kisha ua la manjano, kisha jani lenye meno matatu. Maandishi ya chini yalisema kwamba mmea huo, kwa uzuri wake wote, ni katika ile inayoogopwa zaidi katika nchi za joto. Kwamba unapoingia shambani hufunika kila kitu na kukinyima mwanga. Kwamba mabaki yake yasitupwe ovyo, bali yakaushwe juani juu ya kitu kigumu na kuchomwa. Nilisoma mara mbili. Kisha nikafuta historia ya simu, kana kwamba kuna mtu angekuja kuikagua.

Nilitoka nikaliinua rundo langu la mraba kwa kijiti. Chini palikuwa na mizizi myeupe, mingi, michanga.

Ningeweza kulichoma siku hiyo hiyo. Lakini kaka angeuliza kwa nini nachoma, na ningelazimika kusema kwamba bustani aliyowaonyesha wenzake ni kosa, na kosa ni langu. Haboba pia angeona moshi. Kwa hiyo nililifunika rundo kwa gunia nikaweka jiwe kila pembe. Asubuhi iliyofuata nilipogoa kama kawaida, nikaviingiza vipande vipya chini ya gunia. Nilifanya hivyo kwa mwezi mzima. Sina maelezo bora kuliko haya: kila asubuhi ilikuwa imechelewa kwa siku moja zaidi kusema, na siku moja zaidi ilionekana kuwa kosa kubwa kuliko kunyamaza tena.

Agosti ilinyesha mvua ya siku mbili mfululizo. Maji yalipita uwanjani yakatokea chini ya mianzi. Yalipokauka nilikuta gunia limenasa kwenye ua na mawe manne yamekaa mahali pake, na katikati yake hakuna kitu. Nilitazama mteremko, sikuona jani. Nikaamua kwamba rundo lote limefika mtoni. Niliamua tu, kama mtu anavyoamua kulala.

Baada ya wiki mbili Haboba aliniita kwenye ua. Alikuwa ameshika kishina cha urefu wa kidole.

"Bineya," akasema, ndivyo alivyoniita, yaani msichana, "hiki ni nini? Kinafanana na chako."

Nilikichukua nikakigeuza mkononi, kana kwamba kulikuwa na haja ya kukichunguza.

"Sijui, Haboba. Labda kimeletwa na mto."

"Mto siku hizi unapanda mlima?" Akacheka, akakichukua tena mkononi mwangu, akakitupa nyuma yake. Kilianguka kwenye tuta la pili, kati ya kudra. Nilipaona hasa kilipoangukia. Ningeweza kusema, Haboba, usikiache hapo. Nilisema siku njema.

Kufikia Oktoba tuta hilo la pili lilikuwa limeshikwa nusu. Kudra iliyobaki ilirefuka bila majani, ikinyoosha shingo kutafuta mwanga. Haboba alipalilia kwa jembe, jinsi alivyopalilia magugu yote maishani mwake, na jembe lilikatakata mashina, na kila kipande kikawa mmea. Alifanya kwa tuta zima kile nilichokifanya mimi kwa mkasi. Kisha akaniita nimsaidie.

Katika mashamba yale ipo desturi. Hakuna anayetia mkono kwenye shamba la mwenzake bila kuitwa, hata kung'oa jani moja. Na ukiitwa ukapalilia, fungu la kwanza litakalokatwa kwenye tuta hilo ni lako. Hawalihesabu kuwa malipo. Kulikataa ni kumwambia mwenye shamba kwamba chakula chake hakifai. Kwa hiyo niliitwa, nikapalilia, na baada ya siku kadhaa Haboba akanipa fungu la kudra juu ya ua, limefungwa kwa utepe wa ganda la shina la bamia jinsi alivyofunga yeye. Niliipika. Kaka alisema hajawahi kula kudra tamu kama hiyo. Nilikula hadi mwisho kwa sababu niliogopa angeuliza kwa nini nimebakiza.

Nilijiambia kwamba nikiwa makini vya kutosha, nitaimaliza kapeti kabla Haboba hajajua, na ukweli utakuwa umekosa kazi. Niliacha jembe, nikachimba kwa uma wa bustani, nikafuata kila mzizi kwa vidole. Kisha nikaleta chekecheo la jikoni, nikachekecha udongo, konzi kwa konzi. Wanawake wa mashamba ya chini walikuja kutazama. Mmoja aliuliza kama natafuta dhahabu au nimepoteza hereni. Mwingine akasema mwacheni, huyu alisoma Kenya, huko hata udongo wanauchambua kama mchele. Haboba aliwaambia waende zao. Alisema hajawahi kuona mtu akimhurumia jirani kiasi hiki.

Tuta hilo la pili lilinichukua siku tisa. Lilitoka safi, laini kama unga. Siku nilipolimaliza nilisimama nikaona kwamba tuta la tatu, ambalo nilikuwa nimelipa mgongo siku zote hizo, lilikuwa la manjano.

Nyumbani niliing'oa bustani yangu yote. Nilimwambia kaka kwamba nimechoka na rangi ile. Alikasirika kwa siku mbili, kisha akasahau. Nilikausha kila kitu juu ya bati, nikachoma. Baada ya wiki tatu kapeti ilichungulia kwenye ufa wa ngazi ya baraza, na kwenye tundu la bomba la maji machafu, na mahali pengine pembeni ambapo sikumbuki kuwahi kuifikisha.

Nilirudi kwa mama wa miche nikamuuliza inauliwaje. Alidhani natania. Watu wote, alisema, humuuliza jinsi ya kuzuia maua yasife. Alipoona sitabasamu aliweka chini kikombe chake.

"Dada, hii shamba ni ya nani?"

Nikasema ni yangu. Alinionyesha chupa ya dawa ya kunyunyizia, lakini alinionya kwamba dawa ile haichagui. Itaua na mboga, na udongo utakaa muda bila kukubali mbegu. Niliirudisha chupa. Njiani nikagundua kwamba nilikuwa nimedanganya hata mtu ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kunilaumu.

Kiangazi kilituliza mambo kidogo. Mmea ulikauka juu, nami nikauchukulia kuwa umekufa. Mvua zilipoanza tena ulirudi kutoka chini, kwenye matuta yote manne kwa pamoja, hata lile nililolichekecha. Haboba alipanda kudra mara tatu. Mara zote iliota nyembamba na kufunikwa kabla haijafika kimo cha kiganja. Wajukuu wake walianza kupita kwetu jioni, mara nyingi zaidi kuliko zamani, wakati wa ugali. Mwezi wa Mei aliniita nisafishe tuta la mwisho, lile lililokuwa bado na jirjir kidogo. Nilifanya kazi siku nne. Nilipomaliza, hapakuwa na jirjir. Palikuwa na udongo tu, na mimi nilijua ungekaa hivyo kwa siku ngapi.

Baada ya siku mbili akaniita kwenye ua, akanyoosha mkono na fungu la kudra.

Nililipokea kabla sijalitazama vizuri. Majani yalikuwa mapana mno. Yalikuwa yameanza kulegea, kama mboga iliyokaa juani kwenye meza. Na fungu lilikuwa limefungwa kwa utepe wa mfuko mweusi wa plastiki, jinsi wanavyofunga wauzaji wa Konyo Konyo. Haboba alikuwa amekwenda sokoni mikono mitupu, mahali ambapo kwa miaka yote alikwenda kuuza, akaninunulia sehemu yangu.

Nilifungua lango dogo la kwenye mianzi nikashuka shambani. Sikupanga sentensi. Nilisema kwa Kiarabu changu kibovu kwamba si mto. Ni mimi. Nilikuwa nakata na kurundika pale, na mvua ikalichukua rundo, na nilijua mmea ule ni nini tangu Julai, kabla ya ile mvua, na siku aliponiuliza nilikuwa najua.

Alikuwa amekaa kwenye ukingo, akikwangua udongo kwenye jembe kwa kijiti. Aliendelea kukwangua. Nilingoja anitukane, na nakiri kwamba nilitaka anitukane.

"Mwezi huo wa Julai," akauliza mwishoni, "lilikuwa rundo la kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono.

"Beseni," akasema. "Beseni moja la kufulia." Akalitazama jembe. "Ungeniambia, ningelibeba mwenyewe nikalichoma. Nisingekuuliza hata kwa nini."

Akanikumbusha kwamba kudra yangu inanyauka, niende nikaitie maji. Nikaenda.

Hakuniita tena kupalilia. Mwezi uliofuata alihamia Mangateen, upande mwingine wa Juba, kwa binti yake anayeuza chai karibu na kambi ya wakimbizi wa ndani, yeye na wajukuu wote wawili. Shamba hakumwachia mtu, maana hakuna aliyelitaka. Tangu hapo nimewaambia wanawake wa mashamba ya chini ukweli wote, mmoja mmoja, nikiwaonyesha kifundo na mizizi yake. Walinisikiliza kwa adabu. Mmoja aliniambia kwamba kwake imeshafika, tangu kabla ya Pasaka, na alidhani ni dawa kwa kuwa alikuwa akiniona nikiichambua kwa uangalifu mkubwa. Kaka yangu anasema ni majani tu, kwamba Juba imeona mabaya zaidi. Anasema kweli, na haisaidii.

Ilinichukua wiki sita kwenda Mangateen. Nilimkuta Haboba nyuma ya kibanda cha binti yake akiosha vikombe vya chai. Alinisalimu vizuri, akauliza habari za kaka, akanipa kiti akakaa yeye juu ya ndoo. Nilimwona amekonda. Udongo wa pale umechanganyika na mifuko ya plastiki na vipande vya vigae, hauoteshi kitu, akaniambia. Lakini yeye si mjinga, siku ya kuhama alikuja na magunia mawili ya udongo wa shamba lake. Udongo ule alikuwa ameulisha samadi kwa miaka. Alinionyesha madebe matatu ya mafuta ya kupikia yaliyokatwa juu, yamejazwa, na kudra imeota ndani yake, nene, ya kijani kizito. Hiyo alisema ndiyo ya kuwapikia wasichana.

Niliinama kuitazama. Kwenye debe la katikati, chini ya majani ya kudra, palikuwa na jani dogo linalong'aa, lenye meno matatu.

"Haboba," nikasema hapo hapo. "Kile pale."

Akasogea, akainamisha kichwa. "Ni hicho?"

"Ni hicho."

Alifuta mikono kwenye nguo. "Basi king'oe," akasema. "Wewe ndiye unayekijua."

Nilipiga magoti. Nilitia kidole kando ya shina nikalifuata chini, polepole sana, nikihisi njia yake. Halikwenda chini moja kwa moja. Lilipinda likaingia kati ya mizizi ya kudra, na mizizi ya kudra ilikuwa imelikumbatia. Nililegeza udongo kwa ukucha. Nilizuia pumzi. Nilivuta kidogo, nikaacha, nikavuta tena, na nikasikia kwenye kidole, kabla ya kuona.

"Kimekatika?" akauliza.

"Kimekatika, Haboba."

Alilivuta debe jingine kwenye mwanga, akaanza kufunua majani, moja baada ya jingine.